Sema Tu ni Mnara

Duka letu la kushonea lilikuwa Rosettenville, mtaa wa wahamiaji katika mji wa migodi ya dhahabu kusini kabisa mwa bara, kwenye barabara inayoshuka kuelekea Turffontein, kati ya kinyozi na mgahawa wa Wareno uliotujaza harufu ya kuku wa pilipili tangu asubuhi. Tulikuwa wawili: mimi wa Tanga, Mwislamu, na mwenzangu wa Lubumbashi, mwimbaji wa kwaya katika kanisa lililokuwa likisali ndani ya ghala la zamani huko Bertrams. Mimi nilikata, yeye alishona. Hatukuwahi kugombana juu ya dini. Tuligombana juu ya redio.

Picha niliileta mimi, mwaka 2016. Ilikuwa kitambaa kirefu kilichochapwa kilima kimoja cha China, katika mji wa Suzhou, ambako niliwahi kukaa nikimnunulia vitambaa tajiri wa Dar es Salaam. Wenyewe wanakiita Kilima cha Chui-Milia. Ni kilima kifupi. Mtu anayepanda ngazi za ghorofa ndefu za Hillbrow lifti ikiwa imekufa hatakiona kuwa kitu. Niliitundika picha juu ya meza ya kukatia kwa sababu ukuta pale ulikuwa umevimba kwa unyevu na rangi ilikuwa ikituangukia kwenye nguo za watu.

Wateja wakauliza, nami nikawaeleza kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, kama nilivyoelezwa na mwanamke aliyekuwa akiuza chai kule kilimani. Kwanza jiwe lililopasuka katikati, mpasuko ulionyooka kama wa kisu kwenye mkate: mfalme wa kale alijaribia upanga wake hapo. Juu yake mwamba mpana, bapa, wenye wekundu. Mfalme alipofariki na kaburi lake kukamilika, wajenzi waliitwa kwenye karamu juu ya mwamba ule, wakanyweshwa, kisha wakauawa wote wasije wakasema kaburi liko wapi. Wekundu ni damu yao. Kando kuna bwawa jembamba la maji ya kijani, na chini yake, wanasema, mfalme amelala na panga zake. Watawala waliofuata walichimba kuzitafuta wakaambulia shimo. Hapo karibu kuna jiwe la mtawa aliyehubiri mpaka watu wakaondoka, akaendelea kuyahubiria mawe, na hilo moja likaitikia kwa kichwa. Kileleni kuna mnara mrefu wa matofali, umeinama. Na chui-milia? Siku chache baada ya mazishi alionekana chui-milia mweupe amejilaza juu ya kaburi. Jina likabaki.

Mwenzangu hakujali panga wala chui. Yeye alishikwa na ule mwamba.

"Bale batu balichimba, bakajenga, kisha bakabaua," alikuwa akiwaambia wateja kwa Kiswahili cha kwao, mguu ungali kwenye cherehani. "Juu ya siri tu. Kwetu Lubumbashi pia mulima kubwa ya mujini ni takataka ya shaba. Batu njo balijenga. Nani anajua majina yabo?"

Kisha anaelekeza kidole nje ya mlango, kwenye lundo la manjano la udongo uliotolewa migodini, na mteja anageuka kutazama kitu anachopita kila siku. Baada ya miezi michache alikuwa akiisimulia hadithi ile vizuri kuliko mimi, nami nikamwachia.

Tatizo lilianzia kwenye neno moja. Tulikuwa tunashona sare za kwaya yao, na mwimbaji mmoja alikuja kupimwa. Nikiwa na utepe kiunoni mwake aliinua macho.

"Na hii nyumba ya juu, mama?"

"Mnara."

"Munara ya nini?"

"Wa hekalu la Wabudha," nikasema, kwa sababu ndivyo ulivyo. Nilifika, nikaona ubani ukifukizwa.

Mwimbaji akautazama tena ule mnara. Nilimalizia kiuno, nikapima mkono. Juma lile lile mwenzangu akarudi kutoka mazoezini na ujumbe wa mzee wa kanisa: sare za kwaya ya Bwana haziwezi kushonwa chini ya hekalu la sanamu, na mwimbaji anayefanya kazi chini yake atasimamishwa kuimba mpaka picha itolewe. Mzee mwenyewe angekuja Jumamosi kujionea.

Mtaa mzima ukawa na dawa. Mzanzibari aliyeuza makava ya simu ng'ambo ya barabara ndiye aliyekuja wa kwanza.

"Dada'angu, umeyataka mwenyewe. Ungesema mnara ukanyamaza. Mnara ni neno zuri. Mimi nikisikia mnara naona msikiti, kinyozi anaona mtandao wa simu."

"Na wa kanisani wakisikia mnara wanaona Babeli," nikamjibu.

"Afadhali Babeli. Ile haikumalizika, haimdhuru mtu."

Mwenzangu hakucheka. "Dada, sema tu ni munara. Hapana uongo. Si ni munara kweli?"

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo iliponikera. Katika mji ule nilikuwa nimekwisha kupunguza maneno mengi. Kwenye teksi simu ikiita sikuipokea, nisisikike nikizungumza Kiswahili. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, mtu akiniuliza jambo nilijibu "sharp", sawa ya kule, na kuvuka, kwa kuwa neno refu zaidi lingefichua nilikotoka. Wakati wa fujo za kufukuza wageni tulifunga duka tukakaa kimya nyuma ya mlango wa chuma, tukiwasikia watu wakipita. Ndani ya duka langu, kuhusu kitu nilichokiona kwa macho yangu, sikuwa tayari kuchagua nusu ya jina lake ili mtu mwingine apate raha.

"Sitasema mnara," nikamwambia.

"Kwa wewe ni rahisi. Wewe hauimbe." Alizima cherehani. "Mi naimba tangu niko mutoto. Kule njiani nilipoteza bintu yote, sauti tu njo nilifika nayo. Bakinitoa mu korali, nabakia na nini huku?"

Nilimwambia lile nililokuwa nalo: picha ni yangu, ukuta ni wetu wote. Mzee akimuuliza yeye, ajibu apendavyo, nami sitamkatiza. Akiniuliza mimi, nitasema hekalu.

Jumamosi mzee alikuja amevaa suti ya kijivu, akatusalimia vizuri, akauliza habari za wazazi wetu. Mzanzibari naye akaingia na suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote, akaketi kwenye benchi. Mzee aliitazama picha kwa muda. Hakuniuliza mimi.

"Mama, hii kitu ni nini?" akamwambia mwenzangu.

Mwenzangu akasimama. Aliondoa kwanza pini alizozibana midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pini.

"Ni hekalu, papa," akamjibu, kama wanavyomwita baba kwao.

Mzanzibari akaangalia sakafu.

"Unasema mwenyewe?"

"Dada alifika kule, na hadanganyaka. Lakini uangalie chini, papa. Ile jiwe nyekundu." Akamsimulia yote, karamu, pombe, wajenzi, bila haraka, na mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Historia ni historia," mzee akasema. "Hekalu ni hekalu. Itoeni."

"Hatuitoe."

Nilikuwa nimejitayarisha kusema mimi. Nilisikia ile "hatu" nikaweka mkasi mezani.

"Basi nguo za korali tutazichukua. Na wewe, mama, unajua utaratibu."

"Najua, papa."

Mwenzangu alizikunja zote, zilizoshonwa na zilizokatwa tu, akazifunga kwa utepe na kumkabidhi. Mzee alipofika mlangoni mwenzangu akamwita. "Na vifungo, papa. Usiviache." Mzee akarudi akapokea mfuko wa vifungo kwa mikono miwili.

"Leo mmeijenga Babeli," Mzanzibari akasema.

"Wewe chukua hiyo patalo yako uende," mwenzangu akamwambia, akimpa suruali yake.

Siku iliyobaki mwenzangu alishona shuka za mteja mmoja wa Turffontein, mistari iliyonyooka, na redio niliiacha kwenye stesheni yake.

Jumatatu alifika kabla yangu. Alikuwa amekwisha kufagia vipande na kufungua madirisha.

"Ulienda kanisani?" nikauliza.

"Nilienda. Nilivaa gauni ya buluu, nikakaa benchi ya nyuma, na bamama benye watoto."

"Halafu?"

"Balianza wimbo chini sana. Mi nikaipandisha. Mwalimu wa korali akageuka."

"Akasema nini?"

"Aseme nini? Wote balikuwa banaifwata." Aliingiza uzi kwenye sindano, akauvuta.

"Na Jumapili ijayo wakikutoa hata kwenye benchi?"

"Ile ghala iko na madirisha mingi. Nitaimbia inje," akasema, akakanyaga cherehani.