Mla wa Kwanza

Kila nilicho nacho Marekani nimekipata kwa mikono hii miwili. Shule niliiacha darasa la saba, na leo watu wenye digrii huniita bosi na kuniomba niwapangie shifti za wikendi. Nina nyumba ya kutunzia wazee kule Apple Valley, Minnesota, nyumba kama nyingine zote za mtaa ule, na msonobari mkubwa mbele. Mwanzoni majirani walidhani mimi ndiye mkata nyasi. Sikukasirika. Nilizikata zikapendeza kuliko zao, kisha nikatoa ufunguo mfukoni nikaingia kwa mlango wa mbele.

Naeleza haya ijulikane kwamba mimi si mtu wa kushindwa na sahani ya viazi. Lakini kidogo tu inishinde.

Tuliletewa mzee Mwingereza, mjane. Binti yake, mwalimu, aliolewa huku na anaishi Lakeville. Mzee huyo alikuwa ametumika katika nyumba ya kifalme tangu ujana wake. Aliingia akiwa mbeba makaa ya moto, akapanda akawa mhudumu wa mezani, akapanda tena mpaka akawa mmoja wa wale wanaosimama kwenye mlango wa chumba cha kifalme chenyewe. Alivaa tai kila siku. Viatu vyake alivipiga rangi mwenyewe, na akimaliza huviangalia nyuma kwanza, kwenye kisigino, kwa sababu, alisema, mtumishi huonekana zaidi akiwa anaondoka.

Tatizo lake lilikuwa moja. Hakula.

Sisi tulimpa heshima zote. Kwetu mkubwa hupakuliwa kwanza, hilo halina mjadala, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba nzima. Sahani ya kwanza ilikuwa yake, na paja la kuku lilikuwa lake. Halafu tunasimama kumzunguka, mimi, nesi na mpishi, tunambembeleza kama bibi harusi.

"Baadaye, asante," anasema, mikono magotini.

Baadaye haikufika. Chakula kilipoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Mkanda wake wa suruali tuliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Mpishi wetu, mama mmoja wa Kiambu aliyenizidi umri na kwa hiyo haniogopi hata kidogo, aliumia kuliko wote.

"Chapati zangu zimelisha harusi, kijana," aliniambia. "Huyu anaziangalia kama ni barua ya kodi."

Binti naye akaja, akamshika baba yake kifundo cha mkono, akakizungusha vidole vyake mpaka vikakutana. Aliniita kando. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alisema ameshaongea na daktari. Kama baba yake hatakula, atamhamishia mahali pengine, awekewe mpira wa kupitishia chakula tumboni.

"Mimi sitaki," alisema. "Yeye hataki. Lakini siwezi kumwangalia akiisha."

Nilimwambia aniachie. Nilisema, mama, mimi nimelisha watu ambao hospitali ziliwakatia tamaa. Ilikuwa kweli. Ila nilipokuwa naendesha gari kurudi kwangu Brooklyn Park sikuwasha hata redio.

Jibu lilikuja kupitia njaa yangu mwenyewe. Theluji ilikuwa imeanguka, na mtu wangu wa kuizoa hakutokea, basi nilivaa buti nikaizoa mwenyewe, pale kwenye nyumba ya wazee na kwa jirani pia ili aone. Niliingia ndani njaa inaniuma. Mezani mzee alikuwa amekaa na sahani yake isiyoguswa. Sikungoja kukaribishwa. Nilivuta kiti cha kichwa cha meza, nikajipakulia kuku, nikauma.

Mzee akashika uma, akakata kiazi, akala.

Mpishi aliganda na kijiko hewani. Nesi akafungua mdomo nikamkonyeza aufunge. Mzee alikula kiazi cha pili. Lakini mimi nilijifunza kula kwenye mapumziko ya kazi, dakika chache umemaliza. Nikafuta mdomo, nikaweka uma chini. Naye akaweka wake, papo hapo, katikati ya kipande cha kuku.

Hapo nikamkumbuka babu yangu. Kwetu, magharibi mwa Kenya, kuna ufalme wa zamani, na babu alikuwa mbeba kigoda cha mfalme. Alikuwa na bangili ya shaba mkononi, na watu walipoiona walimpisha njia. Lakini bangili ile ilimfunga pia. Hakuketi mfalme akiwa amesimama, wala hakutia tonge mdomoni kabla ya mfalme, hata kama ameshinda njaa tangu alfajiri. Bibi alikuwa akimcheka: umepewa shaba, ukanyimwa ugali.

Tulikuwa tumemweka mzee wa watu mahali pa mfalme, tukasimama kumwangalia, na tukashangaa kwamba hali.

Nilimuuliza jioni ile ile, nikimvua soksi.

"Mzee, kule ulikotumika, nani alianza kula?"

Aliniangalia kama nimemuuliza jua hutokea wapi. "Anayekaa kichwa cha meza, bwana mkubwa. Akiacha, wote wanaacha. Sisi tulikula baadaye, kwa vyeo vyetu. Wakubwa kwenye chumba chao, wadogo kwenye chao. Tuliingia mlangoni kwa mpangilio. Ukikosea nafasi yako, hukemewi. Wanakungoja tu ujirekebishe. Ni vibaya zaidi."

"Na hapa kwangu nafasi yako ni ipi?"

Alifikiri. "Nilikuwa bado sijaambiwa," alisema.

Basi nikamwambia: mimi nakaa kichwa cha meza, yeye ananihudumia kisha anakaa mwisho. Tangu kesho yake nilikula chakula cha mchana Apple Valley. Nilikaa kichwa cha meza, nesi kuliani, mpishi kushotoni, na mzee alinimiminia mchuzi kwanza kabla ya kukaa. Alisimama kwa shida, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti changu, lakini tone halikuanguka. Mpishi alifurahi kupita kiasi.

"Mfalme wa Apple Valley," aliniita. "Taji lako liko wapi, au limekwama kwenye mashine ya theluji?"

"Wewe pakua," nikamwambia. "Wapishi wa mfalme hawana midomo."

"Wana midomo. Na wana visu."

Kazi ngumu ilikuwa kula polepole. Watu hudhani ufalme ni starehe. Nilitafuna kila kipande mpaka kikapoteza ladha, jicho langu kwenye sahani yake, nihakikishe nisiweke uma chini kabla hajamaliza. Suruali zangu zikaanza kunibana. Tundu tulilotoboa mwisho kwenye mkanda wake likaachwa.

Siku moja nilikuwa nimepiga goti nimfungie kamba za viatu, akanigusa bega kwa kisu cha siagi. La kulia, kisha la kushoto, kama wafalme wao wanavyompa mtu cheo kwa upanga. Nikacheka, nikamuuliza, mbona huniambii niinuke?

"Hakuna anayeambiwa," alisema. "Watu wote hudhani wataambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha kabla ya kuingia. Kuna kigoda chenye mto, na mkono wa kushikia ubavuni, kwa sababu wengi wao ni wazee na magoti yamekwisha. Goti la kulia. Upanga bega hili, kisha hili. Halafu unainuka mwenyewe."

"Kwa nini begani?"

Alisema hakuwahi kuambiwa. Lakini yeye alidhani ni kwa sababu bega ndilo linalobeba.

Nikamuuliza kama yeye aliguswa. Akasema la, upanga ni wa watu wengine. Yeye alibandikwa medali ya fedha kifuani, akiwa amesimama, na siku hiyo hiyo alirudi kubeba sinia. Hakulisema kwa uchungu. Mimi niliondoka nikiwaza yale magoti. Kazi yangu ya kwanza Minnesota ilikuwa kuvisha wazee soksi. Nimepiga magoti katika jimbo hili kuliko mapadri wake wengi, na siku zote niliinuka mwenyewe.

Kisha Jumapili moja binti alikuja bila kupiga simu.

Alikuta nini? Baba yake, mtu anayelipiwa kutunzwa, yuko wima anatetemeka ananimiminia mchuzi, na mimi nimekaa kama waziri, kitambaa kifuani. Alisimama mlangoni na koti lake.

"Umemfanya baba yangu mtumishi wako?" aliuliza, sauti ya chini.

Mimi huwa sikosi maneno, lakini nilijua nikianza kujieleza ataona tapeli, na angekuwa na haki. Niliinuka ili nimpe kiti changu. Mzee akaacha kumimina. Kuku akabaki pale sahanini, hakuna aliyegusa.

"Keti, bosi," mpishi alisema kwa Kiswahili. "Ukisimama hatakula. Na huyu mama lazima aone."

Nikaketi. Mzee akaweka bakuli la mchuzi, akamfuata binti yake, akamvua koti, akalikunja mkononi kama alivyofundishwa miaka yote ile. Akavuta kiti cha kuliani kwangu. Nesi alishahama, hakuambiwa na mtu. Binti akakaa kwa kuwa baba yake ndiye aliyeshika kiti. Kisha mzee akaenda mwisho wa meza, akaketi, akaningoja.

Nikauma kuku. Mzee akauma wake.

Binti alitaka kusema kitu.

"Bwana mkubwa bado anakula, mpenzi," baba yake alimwambia.

Binti alimwangalia akikata, akitafuna, akimeza. Mimi nilikuwa nimeshiba zamani, maana Jumapili hupitia kwanza chai ya kanisani. Mpishi aliona, akaniwekea chapati nyingine bila huruma. Nikala. Mzee alipangusa mchuzi wa mwisho kwa kipande cha chapati, akala na hicho, akaikunja napkini yake. Hapo ndipo nilipoweka uma chini.

Binti alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake mwenyewe, anakizungusha vidole, sijui kama alijijua. Habari ya kuhama hakuitaja. Aliuliza kama Jumapili ijayo anaweza kuja na mume wake.

Nilimgeukia mzee, kwa sababu mambo ya nafasi za mezani yalikuwa chini yake.

"Mume wako atakaa baada ya nesi," alimwambia. "Na aje na tai."