Herufi Zilizokwama za Mzee Ambindwile

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na moja. Hapana, ishirini na mbili, maana ng'ombe wangu mweusi alikuwa ameshakufa, na mimi sina tena wa kumkatia majani, nikaanza kuzurura. Leo Masukulu, kesho Tukuyu mjini, na mara nyingi Kawetele kwa Elina, mtoto wa dada yangu.

Huyu Elina alizaliwa kwetu Kisiba. Alisoma kompyuta Mbeya, akaolewa na Godwin, dereva wa malori ambaye nyumbani anapaonja tu. Mbele ya nyumba Elina ana kibanda cha fotokopi, nyuma ana migomba. Mikono yake haijui kutulia. Hata akikuletea chai, anafuta meza ambayo tayari ni safi.

Mwezi wa tano baba mkwe wake, mzee Ambindwile, aliyekaa nyumba hiyohiyo, alipigwa na kiharusi. Maneno yakamwisha, upande wa kulia ukafa. Sasa kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, haingii chumbani kwake, hata jina lake halitaji. Wengi siku hizi wameacha. Ambindwile hakuacha, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, na Elina alimheshimu hivyo miaka yote. Akimsikia anakohoa uani, yeye huyo, migombani. Basi aliyemhudumia mgonjwa ni dada wa mzee, bibi Alinanuswe, shangazi wa Godwin, mwenye miguu mibovu.

"Mjomba," Elina aliniambia, "mtu anaumwa nyuma ya ukuta huu, na sijui anataka nini. Nitatuliaje?"

Akabuni jambo. Bibi akaipeleka kibodi kitandani kwa mzee, waya ukapita chini ya mlango, kompyuta ikabaki sebuleni. Herufi nne Elina alizigandishia vipande vya kitenge: M maji, B baridi, N njaa, C choo. Mzee akigusa, kompyuta ilie kengele, Elina asome, amtume shangazi. Programu aliiandika mwenyewe, ile ya dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Bibi akaijaribu, ikalia, tukacheka sana.

Mchana mmoja wa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Elina alikuwa kibandani na mimi nipo naota moto wa jiko lake. Kengele kimya.

"Mzee leo ametulia," nikasema.

Elina akaziacha karatasi zake. Akaenda kuchungulia sebuleni, nikasikia, "Mama yangu!" Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na B, B, B, mstari mzima, na kengele haikulia hata moja.

"Shangazi! Blanketi! Kimbia!"

"Nikimbie kwa miguu ya nani?" bibi alijibu, lakini aliinuka. Alikuta blanketi liko chini, dirisha wazi, mzee anatetemeka midomo myeusi. Elina alibaki mlangoni ameupa mlango mgongo, anauma ncha ya kanga.

Baadaye alinieleza. Programu ile ilikuwa inasoma mstari mzima. Herufi zinaandikwa, lakini kompyuta haizipokei mpaka mtu abonyeze kitufe cha Enter. Bibi alikuwa amebonyeza siku ya kujaribu. Enter iko kulia kabisa, na mzee alikuwa na mkono wa kushoto tu. Alikuwa anaita, na maneno yake yamekaa foleni.

"Usiniongeleshe, mjomba." Akakaa mpaka akapata amri nyingine, inayochukua herufi ileile moja papo hapo inapoguswa, bila kungoja chochote. Kesho yake kengele ikalia mfululizo, kidole cha mzee kimelala juu ya M.

"Kaka yangu anataka kunywa mto mzima?" bibi akalalamika, kikombe mkononi.

Tangu hapo aliitwa mtu kwa wakati. Lakini Elina hakutulia. Kila kengele ilimwinua, na kila mara aliishia mlangoni.

Jumapili moja nilifika bibi akiwa bado kanisani. Kwenye kioo, chini ya M na B za asubuhi, kulikuwa na E. Moja tu. Elina alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata. Nikaingia kwa mzee. Alikuwa amelala kimya, blanketi limechomekwa miguuni pande zote. Bibi Alinanuswe hachomeki, yeye hutupa tu. Nikaitazama kibodi. Herufi zenye kitenge zote ziko mstari wa chini. E iko juu, haina kitambaa, kidole hakifiki pale kwa bahati mbaya.

Mzee tulimzika mwezi wa kumi. Nimemuuliza Elina jikoni, nimemuuliza njiani, hata msibani kwa sauti ya chini, naye kila mara anatafuta kitu cha kufuta: mwanangu, alipokuita, uliingia?