Shimo la Askari Ndani ya Kompyuta

Siku nilipofungua ile folda nikaikuta tupu, nilikaa sakafuni, mtu mzima mimi, na sketi yangu ya kazi. Ndani yake ndipo yalipotakiwa kuwa majina ya watoto wote tuliowaandika hapa Kindu tangu vita ilipoisha. Hapakuwa na kitu. Niliifunga, nikaifungua tena, kama mtu anayerudi kutazama sufuria akidhani chakula kitakuwa kimejileta chenyewe.

Ofisi yetu iko Kasuku, si mbali na soko, na kazi yetu ni kuandika watoto wanaozaliwa. Majina tuliyaweka katika kompyuta tatu: moja kwetu, moja Mikelenge, moja ng'ambo ya mto, Alunguli. Zilikuwa zinafanya kazi kama kitu kimoja. Ukimwandika mtoto kwenye moja, nyingine mbili zinamwandika papo hapo, na muda wote zinaitana ili kila moja ijue kwamba wenzake wapo. Sharti lao ni kwamba ikibaki moja peke yake, inakataa kufunguka mpaka wenzake waitike. Basi Mikelenge wezi walikuja kuchukua betri za sola, wakaona vibaya kuiacha mashine. Wiki chache baadaye radi ikapiga antena ya Alunguli na kuunguza vyote vilivyokuwa chini yake. Tukabaki na ile ya Kasuku, nayo imefunga mlango, inaita wafu.

Dawa yake niliijua. Kuna faili la mipangilio ambalo programu hulisoma kila inapoamka, na humo wameandikwa wenzake wote. Ukiwafuta wale wawili, ukaiambia kwamba sasa iko peke yake, itafunguka. Katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, mafaili ya namna hiyo hukaa kwenye folda iitwayo etc, na pale nililikuta, limenyooka, halina taabu. Nikalibadilisha, nikazima, nikawasha. Ikaendelea kuita Alunguli. Nilirudia hivyo siku mbili nzima. Siku ya tatu nikasema niangalie angalau data zenyewe, mahali pake pa kawaida, na ndipo nilipojikuta sakafuni.

Fundi aliyeiweka mashine hiyo ndiye aliyenifundisha kazi. Ni mkubwa kwangu, namwita yaya, kama tunavyowaita kaka na dada zetu wakubwa. Alikuwa amepanda treni ya kwenda kusini kwenye matanga ya dada yake, na treni yetu mtu anajua siku ya kuondoka tu. Simu yake haikupatikana.

Fomu za karatasi? Mchwa walishazimaliza. Na vitabu vya zamani, vile vya kabla ya vita, mimi mwenyewe niliona vilikoishia. Nikiwa mtoto nilinunua karanga sokoni, nikafungiwa kwenye ukurasa wenye majina ya watoto na siku walizozaliwa, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu. Nilikula karanga zangu nikautupa ule ukurasa. Hadi leo nikikumbuka nasikia aibu.

Vita ilipofika kwetu nilikuwa na miaka kama tisa. Kila nyumba ya mtaa wetu Mikelenge ilikuwa na mashimo mawili. La kwanza lilikuwa fupi, karibu na mlango: unafukia sufuria, kitenge kimoja, redio iliyokufa. Askari wakija, na hatukuwa watu wa kuuliza ni wa upande gani, wanachomachoma uwanja kwa vyuma, wanalipata, wanafurahi, wanaenda. Tuliliita shimo la askari. La pili lilikuwa la kweli, na kanuni yake ni kwamba alijue mtu mmoja tu wa nyumba, ili wengine wakipigwa wasiwe na cha kuonyesha.

Kwetu mtu huyo alikuwa baba. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa mpango. Alifukia sanduku la bati lenye karatasi zetu zote: ya ndoa, za kazi yake, za kuzaliwa kwetu. Tukakimbia kwa kufuata njia ya reli kuelekea Kibombo. Siku ya pili akasema anarudi kumchukua bibi aliyekataa kuondoka. Hatukumwona tena, wala yeye wala bibi.

Tuliporudi, shimo la askari lilikuwa wazi na sufuria imekwenda. Uwanja uliobaki ulikuwa tambarare, hauna alama hata moja. Mama alianza kuchimba siku hiyo hiyo, na hajaacha. Akipanda mihogo, mashimo yake yanafika magotini. Majirani humtania kwamba mihogo yake inaliwa kuzimu, naye hucheka pamoja nao huku akiendelea na jembe. Na mimi ninayeandika watoto wa watu, karatasi yangu mwenyewe iko chini ya udongo wa Mikelenge.

Turudi pale sakafuni. Nikisikia woga mimi hugeuka mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nilinyanyuka, nikalifungua lile faili la etc, nikafuta kila kilichokuwemo na kuandika matusi matupu, ya kwangu na machache niliyowahi kuyasikia bandarini. Kisha nikaiwasha programu nione itakavyoanguka. Haikuanguka. Iliamka vizuri, ikaita Alunguli kwa upole wake ule ule. Mtu ukimtukana na hata hageuki, ujue hakusikii; lile faili programu haikuwa inalisoma kabisa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja angeanza nalo: nikaiuliza programu yenyewe ilikotoka. Ni amri ya herufi mbili, p na s. Inakuonyesha kila kinachokimbia ndani ya mashine, pamoja na njia ya kufika mahali kilipowekwa. Mbele ya programu yetu kulikuwa na njia hii: /opt/.shimo. Katika Linux jina linaloanza na nukta halionekani ukitazama hivi hivi, na ile nukta yaya aliiweka kama mtu anayetandaza majani juu ya udongo mpya. Humo kulikuwa na programu, faili la mipangilio alilolipa jina jingine, na data zote. Juu kabisa ya faili aliandika, na njo kwetu ni ndiyo: "Hii njo ya kweli. Ile ya etc ni ya wezi."

Shimo la askari. Miaka yote hii ya amani, mtu na diploma yake, alichimba shimo la askari ndani ya kompyuta, na mimi, mtoto wa mtaa wa mashimo mawili, nilichomachoma humo siku tatu kama askari mwenyewe. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio. Nikawafuta wale wafu wawili, nikaiwasha, ikafunguka. Mtoto wa mwisho kuandikwa alikuwemo, msichana wa Alunguli, na jina la mama yake.

Yaya aliporudi baada ya wiki nyingi nilimwambia mficha uchi hazai. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sikukuficha weye, mudogo wangu. Niliwaficha wezi. Kukuambia njo nilisahau." Leo njia ile imebandikwa ukutani ofisini, kwa herufi kubwa, na watu watano wanaijua.

Lakini mtu wa kwanza kuijua alikuwa mama yangu, mchana ule ule nilipoipata. Nilimkuta Mikelenge akimenya mihogo, nikamweleza yote, naye akacheka sana kwa habari ya shimo.

"Ule mutu aliona vita," alisema. Kisha kisu kikasimama. "Na sasa nani mwengine anajua kule iko?"

Yaya alikuwa ndani ya treni mahali pasipo na simu. Ofisini nilikuwa nimefuta matusi yangu, nikalirudisha lile faili la uongo kama lilivyokuwa, nikafunga mlango na kuondoka bila kumwambia mtu. Sikuwa hata nimefikiri. Mikono yangu ndiyo iliyofanya, na kulijua hilo kulinishtua kuliko folda tupu.

"Niambie," mama alisema.

"Mama, ni mambo ya ordinateri."

"Niambie."

Nikamwambia. Hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, lakini aliirudia polepole, mara tatu, hadi ikamkaa kichwani: "Mustari, opt, mustari, nukta, shimo." Aliyahesabu kwa vidole vyenye utomvu wa mihogo, akatazama uwanja wake uliochimbika.

"Maneno matano," alisema. "Baba yako naye, yangekuwa maneno matano tu."