Kinyago cha Mama Vuta Pumzi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikuwa kwenye cherehani, mimi nakunywa chai. Uzi ulimshinda kutunga.

"Mama watoto, vaa miwani," nikamwambia.

"Ninayo, mzee. Sindano ndiyo imezaa pacha."

Tukacheka. Nikamtungia mimi.

Mtaani walimwita Mama Vuta Pumzi. Kabla hajakuzungushia futi, lazima akwambie ujaze kifua. Alisema watu hujibana mbele ya fundi waonekane wembamba, halafu nguo inawanyonga mbele za watu. Mimi nilibeba magunia maisha yangu yote, bega la kulia likashuka. Shati la dukani hunikaa kama limetundikwa msumarini. Mashati yake yalinikaa sawa, hakuna aliyejua bega limeshuka.

Hospitali wakaona uvimbe kwenye ubongo. Daktari akasema hawampasui. Watapiga mionzi kutoka pande nyingi, ikutane pale pale penye uvimbe, kwingine pasiguswe sana. Ila kichwa kisitikisike hata kidogo. Kwa hiyo atatengenezewa kinyago cha plastiki, cha kumbana kitandani.

Mke wangu aliuliza neno moja tu: "Nitatunga uzi tena?"

"Tutajaribu, mama."

Dada wa mionzi akalainisha plastiki kwenye maji ya moto, akamvutia usoni mpaka ikaganda. Siku ya kujaribu, kichwa kikawa kinacheza mle ndani kama mguu kwenye kiatu cha kuazima.

"Mama, ulifanya nini jana?"

"Nilijaza mashavu, mwanangu. Nimekuachia nafasi. Wewe hukufundishwa kushona?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Akatengeneza kingine. Safari hii mama watoto alitulia. Baada ya mionzi alitoka uso mzima una alama za matundu, akaninong'oneza: "Huyu binti anabana! Hakuniachia hata upana wa uzi."

Uvimbe ulinywea. Sindano ikarudi kuwa moja. Akatunga uzi mwenyewe, akaniita nije nione, kama mtoto aliyejifunza kutembea. Akanikatia shati la buluu.

Kisha vikaota vivimbe vingine, huku na huku kichwani. Daktari akasema ni vingi mno, mionzi haiwezi kuvifuata vyote. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kile kinyago cha kwanza. Akasema hapana, mzee, hapana kabisa. Mchana namwamini.

Kinyago tulipewa, tukaja nacho nyumbani. Kimeshika pua yake na kidevu chake. Nimekiweka kwenye kiti cha cherehani, kwa hiyo hapo hapakaliwi. Shati halina mikono bado. Binti yetu anataka kulimalizia. Nimemwambia aache kwanza.

Siku ya mwisho aliyoweza kuinuka na kuketi kitandani, mke wangu aliomba futi. Alitaka kunipima kifua tena kabla hajaunga ubavu wa shati. Nilikuwa nimejibana, nisije nikalia mbele yake. Futi ilipofika kifuani akaacha kuizungusha, akaniangalia.

"Vuta pumzi, mzee," akasema. "Ukijibana hivyo, hili shati utalivaaje mimi nikiondoka?"