Swali Nililolimeza Mbele ya Daktari

Aibu hii nimeificha miaka mingi, leo naisema, maana niliitafuta mwenyewe. Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati moja ya Hanang, akaja daktari Mzungu wa magonjwa ya akili na karatasi zake za utafiti, nami nikawa mkalimani wake, kutoka Kiswahili chake kwenda Kibarabaig, kwa kuwa nilikulia Gendabi, majirani zetu Wabarabaig, watu wa mifugo.

Swali la mwisho lilikuwa: "Moyo ukiwa mzito, unamwomba nani?" Nilikuwa nimebatizwa juzijuzi tu (na kiburi cha ubatizo mpya mnakijua!), nikaamua kwamba wafugaji hawa hawana dini, kuwauliza ni kupoteza muda, kwa hiyo likifika swali hilo namwuliza mgonjwa anakula nini, halafu namwambia daktari, "Hana anayemwomba." Wagonjwa tisa wakapita hivyo.

Wa kumi alikuwa Mama Gidamis, aliyemzika mtoto wake, halali wala hali. Akajibu, "Maziwa kidogo tu." Nikasema, "Hana."

Daktari akasikitika. "Halali, hali, tena hana tegemeo lolote: huyu nitampeleka hospitali ya wendawazimu." Akaanza kuandika barua. Nami, badala ya kusema kweli, nikamsogezea wino (hapo ndipo nilipojimaliza).

Kwenye foleni alikuwepo Mzee Saidi, mwenye duka Katesh, amekuja na jino lake, na Kibarabaig anakijua kwa biashara. Akasimama ameshika shavu: "Bwana Daktari, huyu mama ameulizwa chakula! Wewe dresa, unamfungisha mtu kwa maziwa?"

Foleni nzima ikacheka. Daktari hakucheka. "Muulize tena. Kwa sauti."

Nikauliza.

"Namwomba Aseta, Mungu wetu," akasema Mama Gidamis. "Wanawake wenzangu walikuwa wakija, tunaimba pamoja. Tangu msiba sijawaita, naogopa kulia mbele yao."

Daktari akaichana barua, akanituma mimi mwenyewe nikawaite wale wanawake. Waliimba naye siku nyingi, akalia, na baadaye akaanza kula.

Nami nikaziomba zile karatasi tisa, nikatembea kwa miguu mpaka Yaeda Chini, nikimwuliza kila mtu upya. Wa mwisho, mzee mmoja, aliitikia shikamoo yangu, akanijibu vizuri, kisha akauliza, "Na wewe, kijana, unamwomba nani?"

Tangu nibatizwe nilikuwa najitangaza tu, kuomba sijaomba.

Swali la mgonjwa sijalimeza tena, na sitalimeza. Ila kabla ya kumwuliza, najiuliza mimi kwanza.