Kikuza Sauti cha Kasoro Kumi

Mwaka ule wa hamsini na kitu nilikuwa fundi redio pale Mchafukoge, kijana mwenye ubishi mwingi na suruali moja nzuri. Nilimtaka binti wa muuza khanga mmoja wa Kariakoo, na binti mwenyewe alikuwa radhi. Kikwazo kilikuwa baba yake. Mzee alikuwa amenadi khanga mpaka sauti imemkauka, akaniambia waziwazi mbele ya mkewe, "Nitengenezee kikuza sauti. Kikifanya kazi, posa naipokea. Kisipofanya, usikanyage tena hapa."

Nilikiunda kwa taa za redio mbovu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, nikapiga pasi suruali, nikakibeba mpaka dukani kwake. Spika nikaitundika mlangoni, maikrofoni nikaiweka mezani. Mtu mwenye akili zake angesema "aloo" mara moja, kazi ikaisha. Mimi nilitaka kujionyesha. Nikatoa mita nimpimie mzee ukuzaji wa taa ya kwanza, aone kwa macho yake.

"Mzee wangu, tazama mshale," nikamwambia. "Huku kwa kuingilia napandisha nusu volti. Huku kwa kutokea umeshuka volti tano."

"Umeshuka?"

"Ndiyo. Taa hii hugeuza. Ukiipandishia inashusha, ila inashusha mara kumi. Kwa hiyo ukuzaji wake ni kasoro kumi."

Mafundi tulisema hivyo kama mtu anavyosema saa mbili kasoro robo. Mzee hakufikiria saa hata kidogo. Aliweka chini khanga aliyokuwa akiikunja.

"Kasoro kumi? Kitu kipya hiki?"

"Ndivyo kinavyotakiwa kuwa, mzee."

"Kinatakiwa kiwe na kasoro kumi! Haya, nitajie moja moja."

Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira, maana hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nikachomeka maikrofoni nimthibitishie. Sijakaa sawa, mzee akainama juu ya meza akafoka, "Binti yangu simpi fundi wa kasoro kumi!"

Spika ikayabeba maneno hayo ikayamwaga barabarani. Wachukuzi wakasimama na magunia yao kichwani. Mama muuza vitumbua akasema, "Masikini, kijana wa watu!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliumia kweli, kwa kuwa nilimpenda sana yule msichana.

Binti akatoka ndani, mwiko mkononi, akijikaza asicheke.

"Baba, nimekusikia kutoka uani," akasema. "Na mtaa wa pili wamekusikia. Kinafanya kazi."

Mzee akaitazama spika, akautazama umati uliojaa mlangoni. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kula maneno yake. Akajikohoza. Mdomo ungali karibu na maikrofoni, akaniuliza, "Wazee wako watakuja lini?"

Kabla sijafungua kinywa, mtaa mzima ukajibu, "Kesho!"