Pikapu Aliyoichagua Wifi

Tangu niolewe sijawahi kumwonea wivu mwanamke yeyote kwa sababu ya mume wangu, isipokuwa dada yake. Wengine wote kwangu ni wapita njia. Mteja akimchekea, namwacha acheke mpaka achoke. Lakini dada mtu akisema neno, na mume wangu akalipokea kwa ile sauti ya utii ambayo mimi sijawahi kuipata hata siku moja, roho inaniuma. Nasema hivi mapema, msije mkadhani nasimulia habari za gari peke yake.

Mume wangu ni fundi wa vioo. Anakata na kufunga vioo vya madirisha, vya makabati ya maduka na vya kujitazamia kwenye saluni. Watu wanamwita Fundi, na mimi nikiwa naye kazini namwita hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja tumefanya kazi pamoja kwa gari dogo moja lenye mlango mkubwa wa nyuma, gari ambalo tulilinunua likiwa limeshachoka. Sasa, kioo kikubwa hakisafirishwi kikiwa kimelala. Ukikilaza, shimo moja tu la barabara linatosha kukifanya vipande. Lazima kisimame, na ndani ya gari letu hapakuwa na kitu cha kukisimamisha. Kitu hicho nilikuwa mimi. Fundi aling'oa kiti cha nyuma, nami nikawa nakaa sakafuni juu ya godoro la mtoto lililokunjwa, mgongo kwenye ubavu wa gari, kioo kimezungushiwa blanketi nimekikumbatia. Kiti cha mbele kando ya dereva kilikuwa cha vifaa: sanduku la vikatio, makopo ya puti ya kugandishia vioo, drili na nyaya zake. Njiani hatukusemezana. Nikimgusa bega kwa kidole kimoja, apunguze mwendo. Kwa viwili, asimame. Mikononi mwangu kimevunjika kioo kimoja tu, na hicho mpaka leo nasema kilitoka kiwandani na ufa.

Mwaka huu gari likakata tamaa. Giaboksi ikawa inalia kama mlango usiotiwa mafuta, na sakafu ikaoza hadi nikawa naiona lami katikati ya miguu yangu. Fundi magari alilizunguka mara moja tu, akafuta mikono.

"Hii gari iache ipumzike," akamwambia mume wangu. "Tafuta pikapu, hata iliyotumika. Kazi yako ni ya pikapu."

Nilifurahi, nakiri. Furaha yenyewe haikufika nyumbani, maana njiani Fundi alisema maneno matatu: "Ngoja nimuulize dada."

Wifi yangu ndiye kifungua mimba wa kwao. Anaendesha lori la saruji, na ugonjwa wa injini anautambua kwa kuisikiliza tu ikiwaka. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na akiamua jambo limeamuliwa. Miaka yote hii nimemtafutia kasoro kwa bidii, na kubwa niliyoipata ni kwamba anakunywa chai kwa kelele. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti changu, akaanza.

"Chukua kebini moja," akamwambia mdogo wake. "Ina bodi ndefu, mzigo unaingia wote. Unachomelea fremu ya chuma pande mbili, vioo vinasimama vyenyewe. Hakuna haja ya mtu kushika."

Kisha akanigeukia, anatabasamu. "Na wewe wifi utapumzika sasa. Miaka yote hiyo umekaa chini kama gunia!"

Huenda alisema kwa mapenzi. Mimi nilichosikia ni kwamba nimepigwa kalamu, tena sebuleni kwangu, na mtu aliyeshika kikombe changu. Wiki nzima iliyofuata nyumba ilijaa "dada amesema". Dada amesema tusichukue ya petroli. Dada amesema tutazame chasisi kwanza. Nikawa naosha vyombo kwa kishindo, na Fundi, kama kawaida ya wanaume, akadhani ni vyombo tu.

Jumamosi tukaenda yadi ya magari, sisi watatu. Ni uwanja wa kokoto nyuma ya kituo cha mafuta, magari yamepangwa yakitazama barabara, matairi yamepakwa dawa yakang'aa kuliko magari yenyewe. Dalali alitupokea na funguo mkononi na maneno mengi mdomoni. Alikuwa na pikapu tatu. Ya kwanza wifi aliinama mara moja, akaona chasisi imeungwaungwa, akainuka bila hata kusema. Zikabaki mbili: nyeupe ya kebini moja, na ya kijani ya kebini mbili, ile yenye kiti cha nyuma.

Nilifungua mlango wa nyuma wa ile ya kijani nikakaa. Kiti kilikuwa safi, na juu ya dirisha palikuwa na kishikio. Nikajiona pale, nimegeuka nusu, mkono nimeupitisha dirishani nashikilia kioo kilichosimama nyuma yangu. Haiwezekani, najua. Dirisha lenyewe halikuwa limekaa upande huo. Lakini nilikuwa nimeshaipenda ile gari, basi.

Nje, wifi alikuwa ametandika gunia akaingia chini ya nyeupe. Alitoka na vumbi nywele nzima, akaiwasha, akainamisha kichwa kusikiliza, akachomoa kijiti cha oili akakinusa.

"Hii ni nzima," akasema. "Ile ya kijani inatoa moshi wa bluu. Inakula oili."

Tukapima bodi. Mimi huwa nasoma tepu, Fundi anaandika. Kwenye nyeupe kioo kikubwa cha duka kingeingia na nafasi kubaki. Kwenye ya kijani kingetokeza nje mkono mzima.

"Bado vioo," Fundi akasema. "Mama, hebu visome."

Hili ni jambo letu sisi wawili, na sijaona mtu mwingine akilifanya. Kila kioo cha gari kina alama ndogo pembeni, ina jina la kiwanda na namba ya mwaka. Kama vyote vinasema mwaka mmoja, gari halijavunjwa kioo tangu lizaliwe. Kioo cha mbele hatukihesabu, hicho hata jiwe linakivunja. Lakini ukikuta cha mlango na cha nyuma ni vipya kuliko wenzao, uliza gari lilipinduka wapi. Macho ya Fundi kwa vitu vya karibu yameshamsaliti mwaka wa pili huu. Mwenyewe anadai ni herufi zimepungua. Kwa hiyo mimi nasoma, yeye anaamua. Na hapo ndipo mahali pekee ambapo wifi, na lori lake lote, husogea pembeni akanisubiri mimi.

Nikaizunguka ile nyeupe nikifuta vumbi kwa kidole. Mlango wa kulia, mlango wa kushoto, kioo cha nyuma ya kichwa cha dereva. Kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Gari lilikuwa halina hata doa. Nilibaki nimeinama pale kuliko ilivyohitajika, na nikiwa nimeinama nikamsikia wifi akimwambia Fundi, "Fremu atakuchomelea fundi wetu wa kule kazini. Nimeshaongea naye."

Ameshaongea naye! Nikainuka.

"Cha mlango wa kushoto kimebadilishwa," nikasema. "Na cha nyuma."

Sauti yangu ilitoka safi, nikajishangaa.

Dalali aliruka. "Mama! Hii gari haijaguswa! Mwenyewe alikuwa anaendea ofisini tu!"

"Chini sijaona dalili ya kupinduka," wifi akasema taratibu. "Umeangalia vizuri, wifi?"

Kabla sijajibu, Fundi akainua mkono. "Dada, kwenye vioo mke wangu hakosei. Akisema kimebadilishwa, kimebadilishwa. Tuangalie ya kijani."

Siwezi kuwaficha, nilisikia utamu hadi kwenye vidole. Kwa mara ya kwanza neno langu lilimshinda dada mtu, hadharani, dalali akiwa shahidi. Nikaenda kwenye ile ya kijani shingo juu, nikavisoma vioo vyake, nikasema kweli tupu kwamba havina tatizo. Fundi aliitazama ile bodi fupi, akautazama moshi wa bluu, akakuna kidevu. "Tutapata njia," akasema. Akamwambia dalali tutarudi Jumatatu kuichukua.

Tukirudi kwa gari letu bovu, mimi nikiwa sakafuni kwangu, Fundi akaanza kufikiri kwa sauti. "Vioo vikubwa havitaingia. Basi kazi za maduka tutaziacha. Tutabaki na madirisha ya nyumba." Kazi za maduka ndizo zinazotuweka mjini, na yeye ndizo anazozipenda, akipita mbele ya duka alilolifungia kioo hupunguza mwendo akaliangalia. Sasa alikuwa anaziaga, polepole, bila kunilaumu, kwa sababu nimesema. Ule utamu ukaanza kuchacha. Nikanyamaza vilevile.

Kesho yake mchana wifi akaja peke yake. Fundi alikuwa kwenye karakana. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Nimepitia yadi asubuhi," akasema. "Nimevisoma vile vioo. Ni mwaka mmoja vyote, wifi."

"Labda mimi..."

"Usinieleze." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sijamwambia na simwambii. Anakuamini kwenye vioo kuliko anavyoniamini mimi kwenye injini. Sitaki niwe mimi wa kukivunja kitu hicho. Nenda mwambie ulisoma vibaya, jua lilikuwa kali. Yaishe."

Akaondoka bila hata chai. Ningependa kuwaambia kwamba nilishukuru. Nilikasirika! Hata uongo wangu amekuja kunipangia yeye, tena ameupanga vizuri kuliko nilivyoupanga mimi. Nilizunguka chumba mara mbili tatu nikitafuta la kumtukana, nikalikosa, nikavaa viatu.

Karakanani, Fundi alikuwa amepiga mstari kwenye kioo kikubwa. Nilingoja akikate, maana mtu aliyeshika kioo hashtuliwi.

"Jana nilisoma vibaya," nikamwambia. "Ile nyeupe vioo vyake ni sawa. Jua lilinipiga machoni."

Akaweka kikatio chini, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitarajia.

"Na wewe pia," akasema. "Macho. Nilikuwa naiogopa sana siku hii. Pole, mama. Usijisikie vibaya, mbona na yangu yamechoka." Akanishika mkono. "Tutafanya hivi: vioo atatusomea dada. Hata vipimo, siku akiwa na nafasi, nitamwomba apitie. Yeye macho yake bado makali."

"Macho yangu ni mazima!" nikapaza sauti. "Nilidanganya!"

Msinivike kilemba cha ukoka mkasema ni uungwana. Uungwana haukuhusika. Wivu ulionidanganyisha ndio huo huo ulionisemesha kweli: afadhali ajue ameoa mwongo kuliko kazi yangu apewe dada yake.

Fundi alikaa kwenye stuli. Nje mtu alipita akaita, "Fundi, za kazi?" naye hakuitika.

"Kwa nini?" akauliza.

"Lile gari halina mahali pangu. Fremu itashika vioo. Mimi nitashika nini?"

Akafikiri. "Si kuna kiti cha mbele?"

Wallahi, wazo hilo halikuwahi kunipitia. Miaka kumi na mmoja kiti cha mbele kilikuwa cha makopo ya puti, na kichwani mwangu kilibaki hivyo, kana kwamba binadamu haruhusiwi kukikalia.

"Na vifaa?" nikauliza.

"Vifaa vitakaa nyuma," akasema. "Vifaa havina wivu." Hakucheka aliposema hivyo.

Jumatatu tulichukua nyeupe. Dalali alinipa ufunguo mimi, akanitazama kwa jicho la "mama, wewe na mimi tunajua", nikajifanya hamnazo. Fremu ilichomelewa na yule fundi wa wifi, na nimeikagua kila kona nikitafuta pa kulalamikia, sijapaona. Mimi nakaa mbele. Napata upepo, naona barabara yote, wanaonijua wananipungia mkono. Mikono yangu sijui bado pa kuiweka, ila kiti ni changu na hakina mjadala.

Kazi yetu ya kwanza kwa gari hilo ilikuwa duka la dawa, kioo kizima cha mbele. Nilivuta tepu kutoka ukingo hadi ukingo, Fundi akiwa nyuma yangu na penseli na ubao wake wa kuandikia.

"Mita mbili na sentimita kumi na nne," nikasoma.

Sikusikia penseli ikiandika. Nikageuka. Alikuwa ameisimamisha juu ya ubao, ananitazama.

"Una hakika?" akauliza, kwa upole, kama anavyowauliza wateja.

Nikarudi kwenye ukingo, nikavuta tepu upya, nikamsomea tena, namba ile ile. Hapo ndipo akaandika. Tangu siku hiyo huniuliza hivyo kila kipimo, nami hupima mara mbili bila kunung'unika. Dada yake, nijuavyo mimi, hajawahi kuulizwa.